Mgeni Mwenye Kamera

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo hutumiwa kumlaumu mtu aliyekosa kufika barazani siku mambo yalipokatwa. Lakini lipo jambo zito kuliko hilo, nalo ni mtu kuwapo, akaonekana na kila jicho, na bado lake lisiwepo. Ndivyo walivyokuwa kwa miaka mingi watu wa Afrika, wa Asia na wa visiwa vya mbali katika filamu zilizopigwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani. Walionekana wakifinyanga vyungu, wakicheza ngoma na kuzika wafu wao. Midomo yao ilitikisika, ila sauti iliyosikika haikuwa yao. Ilikuwa sauti ya msimulizi aliyeketi katika chumba cha studio katika mji wa mbali, akieleza maana ya mambo ambayo wenyewe wangeweza kuyaeleza vizuri zaidi.

Elimu inayochunguza mila, ukoo, kazi na imani za jamii mbalimbali huitwa anthropolojia. Elimu hiyo ilishikana na picha zinazotembea tangu sinema yenyewe ingali changa. Mwaka 1895 daktari Mfaransa, Félix-Louis Regnault, alimpiga picha za mfululizo mjini Paris mwanamke wa Kiwolof kutoka Afrika Magharibi akifinyanga chungu. Mwaka 1898 Mwingereza Alfred Cort Haddon alichukua kamera ya sinema hadi visiwa vya Torres, kaskazini mwa Australia. Tangu hapo filamu zikafuatana, lakini aghalabu shabaha ilikuwa kuweka akiba ya maumbo, ishara na vifaa vya watu, kana kwamba watu hao wenyewe walikuwa vitu vya makumbusho.

Lawama haikukosa kutokea. Mwaka 1965 mtengenezaji filamu wa Senegal, Ousmane Sembène, alimwambia waziwazi mwenzake Mfaransa, Jean Rouch, aliyepiga filamu nyingi Niger na nchi jirani, kwamba wataalamu wa namna yake waliwatazama Waafrika kama wadudu. Rouch alikuwa mtu aliyewashirikisha Waafrika kazini kuliko wengi wa zama zake, na hata hivyo lawama ile haikumwepuka. Neno la Sembène liliacha swali ambalo kila mtafiti mwenye kamera alipaswa kulijibu kwa vitendo: je, yawezekana kumpiga mtu picha bila kumpokonya kauli yake?

Miongoni mwa waliotumia umri wao kulitafutia swali hilo jibu ni David MacDougall, aliyezaliwa Marekani mwaka 1939, pamoja na mkewe, Judith MacDougall. Kazi yao ilianzia katika pembe hii hii ya Afrika, kwa wafugaji wa Uganda na Kenya, kisha ikawapeleka Australia, India na Italia. Ni habari ya mume na mke waliogawana kazi moja, mume akishika kamera na mke akishika kinasa sauti, wakaingia katika maboma ya watu kama wageni wanaojua kwamba ni wageni.

KATIKA BOMA LA WAJIE

David MacDougall alijifunza kazi ya filamu katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ambako mwalimu Colin Young alikuwa ameanzisha mafunzo ya filamu za mila na desturi katika miaka ya 1960. Wakati huo ulikuwa umeleta vyombo vipya. Zamani kamera ya kupiga filamu yenye sauti ilikuwa zigo la kuhitaji watu wengi, taa kali na waya zilizotandazwa kila mahali. Sasa zilipatikana kamera za mkanda wa milimita 16 zinazobebwa begani, na vinasa sauti vinavyoning'inia bega la pili. Watu wawili tu waliweza kufanya kazi yote. Kila mkanda ulichukua kiasi cha dakika 11, kisha kamera ikalazimika kufunguliwa na kutiwa mkanda mwingine. Kwa hiyo mpigaji hakuweza kupiga ovyo. Ilimpasa kungoja, kutazama na kusikiliza kabla ya kubonyeza.

Mwaka 1968 vyombo hivyo vilifika Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, kwa Wajie. Kilikuwa kiangazi kikali. Kutokana na safari hiyo ilipatikana filamu iitwayo "To Live with Herds", maana yake Kuishi na Mifugo. Ina dakika 70, na haina rangi ila nyeusi na nyeupe. Mwanzoni mzee mwenye boma anawaonyesha wageni mipaka ya nchi ya Wajie kwa kunyoosha mkono, kama afanyavyo mwenyeji yeyote anayempokea mtu asiyejua njia. Anayeeleza nchi hiyo ni mwenye nchi.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la filamu ile. Wajie wanazungumza Kijie, na maneno yao yanasikika kama yalivyotamkwa. Tafsiri imeandikwa chini ya picha. Leo mtu akiona maandishi kama hayo katika sinema hashangai, lakini katika filamu za elimu ya mila za wakati ule lilikuwa jambo geni, na filamu hii ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kulifanya. Watu ambao dunia ilizoea kuwaona mabubu walisikika wakijadili malisho, njaa, kodi na bei ya ng'ombe kama wazazi wa popote wanavyojadili mambo ya nyumba zao.

Filamu ile haikuogopa mambo ya utawala. Sehemu yake moja imepewa jina "Taifa". Uganda ilikuwa imepata uhuru mwaka 1962, na serikali ilitaka kujenga taifa moja lenye shule, ofisi na masoko. Watumishi wa serikali walitaka wafugaji wabadilike upesi, nao wafugaji waliona kwamba mengi waliyoambiwa yaligusa shina la maisha yao, yaani ng'ombe. Mtazamaji anazisikia pande zote mbili. Hapana msimulizi wa kumwambia nani ana haki. Mwaka 1972 filamu hiyo ilipata tuzo kubwa ya filamu za aina yake katika tamasha la sinema la Venice, nchini Italia.

Safari hiyo hiyo ilizaa filamu nyingine fupi, "Under the Men's Tree", yaani Chini ya Mti wa Wanaume. Katika kambi ya mifugo wanaume wameketi kivulini, wengine wakishona ngozi, wengine wakijinyoosha, na mazungumzo yanakwenda kwenye motokaa na tabia za Wazungu wenye motokaa hizo. Kwa dakika 15 wale waliozoea kuchunguzwa ndio wanaochunguza. Kicheko chao kinamfanya mtazamaji wa Ulaya ajione yeye mwenyewe kuwa mtu wa ajabu.

MAHARI YA NGAMIA

Baada ya Uganda zamu ilikuwa ya Kenya. David MacDougall alifanya kazi na Mmarekani mwenzake, James Blue, kwa Waborana wa kaskazini mwa nchi hiyo. Filamu yao, "Kenya Boran", ilitolewa mwaka 1974. Inawafuata akina baba na wana wao wakati mji unapokua katika nchi ya malisho na shule inapowaita watoto. Mzazi anajiuliza: mtoto akienda shule, nani atachunga? Na asipokwenda, kesho atakuwa nani? Swali hilo limeulizwa katika maboma mengi ya Afrika ya Mashariki, na kila aliyewahi kuliuliza atajitambua katika nyuso za wazee wale.

Mwaka 1973 na 1974 mume na mke waliishi kwa Waturkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, katika boma la mzee aitwaye Lorang. Kutokana na ukaaji huo walitoa filamu tatu. Ya kwanza kutolewa ilikuwa "The Wedding Camels", yaani Ngamia wa Harusi, mwaka 1977. Mwaka 1979 ikafuata "Lorang's Way", yaani Mwenendo wa Lorang, na mwaka 1981 ikatoka "A Wife Among Wives", yaani Mke kati ya Wake.

Lorang hakuwa mtu asiyejua dunia. Aliwahi kuchukuliwa jeshini wakati wa ukoloni, akaona miji na mambo ya kigeni, kisha akarudi kwao na kujenga upya mifugo yake mpaka akawa mzee wa kuheshimiwa. Kwa sababu alitoka na kurudi, aliona kwa macho mawili. Alipenda maisha ya kwao, na papo hapo alitambua jinsi maisha hayo yanavyoweza kuvunjika. Watu wa mbali waliodhani kwamba mfugaji hufuata mila kwa kukosa kujua njia nyingine walikutana na mtu aliyeijua njia ya pili, akachagua ya kwao kwa hiari yake.

Ngamia wa Harusi ndiyo filamu ambayo wenye nyumba wataielewa pasipo mwalimu. Binti wa Lorang anaolewa na mtu ambaye ni rafiki na mwanarika wa Lorang mwenyewe. Kwa kuwa wakwe hao wawili ni marafiki, ingetazamiwa mambo yaende kama maji mtoni. Hayaendi. Kwa desturi ya Waturkana, mahari hukusanywa kwa jamaa na marafiki wa mwoaji, nayo hugawanywa kwa jamaa za binti. Kila mnyama anayetajwa ana mtu anayemngoja. Mama wa binti ana hesabu yake, ndugu wa baba wana yao, na mwoaji anaangalia zizi lake akihofu kubaki mikono mitupu. Kwa karibu saa nzima na dakika 48 mtazamaji anakaa kitako na wazee wale. Anasikia maneno yakipanda na kushuka, yakikaribia kukatika na kushikana tena. Mtu aliyewahi kuketi katika kikao cha posa, awe wa Bujumbura, wa Tabora au wa Lamu, anajua uzito wa kimya kinachofuata baada ya idadi kutajwa.

Na binti mwenyewe je? Wageni walitaka kujua kama mwanamke wa Kiturkana huchagua mume au huchaguliwa na wazazi. Walimwuliza. Lakini hawakulificha swali lao na kuonyesha jibu peke yake. Waliliandika swali katika filamu, ili kila mtazamaji afahamu kwamba neno hili halikuzuka lenyewe, bali liliulizwa na wageni. Ni jambo dogo kwa kuliangalia, walakini lina uaminifu mkubwa. Jibu lisilo na swali lake laweza kupotoshwa kwa urahisi.

Mke kati ya Wake iliingia ndani zaidi katika mambo ya nyumba. Dada wa Lorang na wake wa boma wanazungumza juu ya ndoa. Wageni wengi hudhani kwamba mke hawezi kutaka mwenzake aletwe nyumbani. Wanawake hawa wanaeleza kwamba kazi za boma ni nyingi, na kwamba mkemwenza huweza kuwa msaada na mwenzi. Hawasemi uongo wa kupendeza wageni, kwa maana wanakiri pia kwamba moyo huumia, na kwamba ushirikiano na uchungu huweza kukaa katika nyumba moja. Mwanamume aliye peke yake na kamera asingesikia mazungumzo hayo. Kuwapo kwa Judith MacDougall kulikuwa na maana kuliko kushika kinasa sauti tu.

Filamu hizo zilipewa heshima. Mwenendo wa Lorang ilipata tuzo mjini Paris mwaka 1979 katika tamasha la Cinéma du Réel. Ngamia wa Harusi ilipata tuzo ya filamu ya Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza mwaka 1980.

MGENI ASIJIFICHE

David MacDougall hakuwa mpigaji wa filamu tu, bali pia mwandishi aliyeifikiria kazi yake. Mwaka 1975 ilichapishwa makala yake iliyosomwa sana na wanafunzi wa elimu hii. Wakati huo wapigaji wengi waliamini kwamba filamu bora ni ile ambayo mpigaji hajulikani kuwapo, kana kwamba kamera ni jicho lililotundikwa hewani. Naye alikuwa amefuata njia hiyo ya kutazama kwa utulivu. Lakini alihoji haki yake. Wenyeji wanaombwa wafungue nyumba zao, waseme ya moyoni, waonekane katika furaha na huzuni, huku yule anayewaomba akijifungia na asitoe kitu. Aliona kwamba filamu ni makutano ya pande mbili, na kwamba ni afadhali makutano hayo yaonekane kuliko kufichwa.

Fikira hiyo ilionekana hata katika namna ya kushika kamera. Kamera haikupanda mahali ambapo mtu wa kawaida asingepanda, wala haikupenya mahali ambapo mgeni asingeruhusiwa. Wazee wakiketi, nayo ilikuwa chini kwa kimo chao. Mtu akigeuka kumsemesha mpigaji, hapakuwa na haja ya kukikata kipande hicho na kukitupa. Mtazamaji anaona kama aonavyo mgeni aliyekaribishwa kigoda. Anaona mengi, lakini haoni yote, na anajua kwamba haoni yote.

Waswahili wana neno linalofanana na hilo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni anayekaa na kula bila kutoa jasho huwa mzigo. Mtafiti naye ana jembe lake, nalo si zawadi za sukari na majani ya chai peke yake. Ni kuyachukua maneno ya wenyeji na kuyafikisha mbali bila kuyapinda.

WALIPOAMBIWA: PIGENI

Mwaka 1975 mume na mke walihamia Canberra, Australia, kufanya kazi katika taasisi ya utafiti wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Huko mambo yaligeuka. Wenyeji wa Australia hawakungoja kuombwa. Wao wenyewe walisema ni nini kipigwe na kwa nini. Filamu "Goodbye Old Man", iliyotolewa mwaka 1977, ilitokana na ombi la mzee wa Kitiwi wa kisiwa cha Melville. Kabla ya kufariki alitaka sherehe ya msiba wake ihifadhiwe katika filamu. Katika filamu kadhaa za huko, sauti ya maelezo ni ya mtu aliyehusika mwenyewe, akiitazama picha na kusema ilivyokuwa.

Katika kijiji cha Aurukun, kaskazini mwa jimbo la Queensland, Judith MacDougall aliongoza filamu "The House-Opening", iliyotolewa mwaka 1980. Inahusu mjane na nyumba aliyoishi na marehemu mumewe. Nyumba iliyofiwa hufunguliwa tena kwa sherehe, ili walio hai wapate kuishi humo kwa amani. Mjane ndiye anayeeleza. Katika kijiji hicho hicho, mwaka 1978, serikali ya jimbo ilitangaza kwamba itaondoa usimamizi wa mahali hapo mikononi mwa kanisa na kuuchukua yenyewe, nao wenyeji wakapinga. Filamu "Takeover", ya mwaka 1980, inaonyesha namna walivyokutana, kubishana na kungoja habari za mbali zilizohusu ardhi iliyo chini ya miguu yao.

Mwaka 1987 ikatoka "Link-Up Diary". David MacDougall alisafiri pamoja na wafanyakazi wa chama cha Link-Up, ambacho huwasaidia watu kuwatafuta jamaa zao. Kwa miaka mingi serikali katika Australia ziliwatoa watoto wa wenyeji wa asili mikononi mwa wazazi wao na kuwapeleka kulelewa kwingine. Walipokuwa watu wazima, wengi hawakujua mama zao walikuwa wapi. Filamu ile inawaona wakitafutwa na kukutanishwa. Serikali ya Australia iliomba radhi rasmi bungeni tarehe 13 Februari 2008, zaidi ya miaka 20 baada ya filamu hiyo. Haiwezi kudaiwa kwamba filamu moja ndiyo iliyoleta radhi. Lakini siku ilipofika, ushahidi wa waliotenganishwa ulikuwa umekwisha kuwekwa, na waliouweka ni wao wenyewe kwa vinywa vyao.

WATOTO NA KAMERA

Kazi iliendelea hata ujana ulipopita. Mwaka 1991 mume na mke walitoa "Photo Wallahs", juu ya wapiga picha wa mji wa milimani wa Mussoorie, India. Waliwapiga picha wapiga picha, ili waulize mtu hutafuta nini anaposimama mbele ya kamera akiwa amevaa nguo zake bora. Mwaka 1993 David MacDougall alitoa "Tempus de Baristas", juu ya wafugaji wa mbuzi wa milima ya Sardinia, Italia. Aliyeanza na mifugo ya Karamoja aliyakuta Ulaya maswali yale yale: kijana abaki na mbuzi wa baba yake, au ashuke mjini?

Kuanzia mwaka 1997 alipiga picha katika shule ya Doon, shule ya bweni ya wavulana mjini Dehra Dun, India. Alitoa filamu tano juu ya shule hiyo, ya kwanza mwaka 2000 na ya mwisho mwaka 2004. Sasa alikuwa na kamera ndogo ya video na aliweza kufanya kazi peke yake. Aliona mambo ambayo hayaandikwi katika ripoti za elimu: rangi za sare, mlio wa sahani za chuma, kengele, foleni, na mtoto mgeni anayelia usiku wa kwanza. Mafunzo mengi ya shule, alionyesha, huingia mwilini kwa vitu hivyo kabla hayajaingia kichwani kwa vitabu. Mkewe naye, mwaka 2001, alitoa filamu "Diya" juu ya jamaa ya wafinyanzi wa India na taa ndogo ya udongo inayowashwa siku ya Diwali. Chombo cha bei ndogo kilitosha kueleza riziki ya ukoo mzima.

Mwaka 2008 ikafuata "Gandhi's Children", juu ya wavulana wa makao ya kulelea watoto mjini Delhi. Wengine walikuwa yatima, wengine walipotea, wengine walikamatwa. Shule ya watoto wa wenye uwezo na makao ya watoto wasio na kitu zilitazamwa na jicho lile lile, kwa subira ile ile na kwa heshima ile ile.

Na hatimaye ilifika hatua ya kuitoa kamera yenyewe. David MacDougall aliwafundisha watoto wa India kupiga filamu, kisha akawaacha wachague habari zao. Mwaka 2013 zilitolewa kwa pamoja filamu nne za watoto wa Delhi wenye umri wa miaka kama 11, chini ya jina "Delhi at Eleven". Mtoto anayepiga picha nyumbani kwao hahitaji kukaribishwa. Anajua mama yake huamka saa ngapi, na duka la jirani hufunguliwa na nani. Mtaalamu aliyeanza mwaka 1968 kwa kuwapa wenye boma sauti yao, akaishia kuwapa watoto jicho.

Vitabu vyake vya nadharia, vikiwemo vilivyotoka mwaka 1998, 2006 na 2019, vinasomwa na wanafunzi wa vyuo vingi. Hata hivyo si kila neno limekwisha. Tafsiri iliyoandikwa chini ya picha huandikwa na mtu, na mtu huchagua. Anayekata mkanda na kuunganisha vipande ndiye anayeamua lipi litangulie na lipi liachwe. Hata mgeni mwema hurudi kwao akiwa amebeba picha, na mwenyeji hubaki bila nakala. Ndiyo sababu haki ya wenyeji kuzipata picha zao imekuwa jambo linalojadiliwa katika makumbusho na vyuo. Mjukuu wa Kijie au wa Kiturkana anayeisikia leo sauti ya babu yake katika filamu ile amerudishiwa urithi wa nyumba yake. Asiyeweza kuupata bado anadai.

Siku hizi kamera haimo tena mikononi mwa wataalamu. Imo mfukoni mwa kijana, katika simu, na hakuna harusi, matanga wala ugomvi wa majirani unaopita bila kupigwa picha. Mgonjwa hupigwa akiwa kitandani, mtoto hupigwa akilia, mke hupigwa akigombana na mumewe, na kabla ya jua kutua habari ya nyumba hiyo imetembea nchi tatu, ikielezwa na watu wasioijua hata njia ya kufika huko. Lawama aliyoitoa Sembène mwaka 1965 kwa wageni wa mbali imerudi kubisha hodi kwa wenyeji wenyewe.

Basi mambo waliyoyafanya mume na mke wale katika boma la Lorang yanafaa kuangaliwa na kila mwenye nyumba. Walipiga hodi kwanza. Walikaa chini na wenyeji. Walipouliza, walionyesha kwamba wameuliza wao. Na watu waliposema, waliwaacha wamalize maneno yao.